Bonge la damu huyeyushwa na nani, wapi na wakati gani?

Tangu janga la UVIKO-19, habari za damu kuganda zimetoka hospitalini zikaingia kwenye vijiwe vya kahawa na makundi ya WhatsApp. Aprili 2021 Marekani iliisimamisha kwa siku chache chanjo ya Johnson & Johnson kwa sababu ya mabonge ya damu ya aina adimu yaliyoonekana kwa watu wachache. Julai mwaka huohuo chanjo hiyohiyo ikashuka Dar es Salaam, na maswali yakashuka nayo. Waliotoka wodini walirudi nyumbani na majibu ya kipimo cha D-dimer ambayo hakuna aliyewafafanulia. Wapo walioanza kumeza aspirini kila asubuhi, wapo waliotwanga kitunguu saumu na tangawizi, na wote waliamini wanafanya jambo moja: kuyeyusha damu.

Hapo yamechanganywa mambo mawili yaliyo mbalimbali. Kuzuia damu isigande ni kazi moja. Kuliyeyusha bonge ambalo limekwisha kuganda ni kazi nyingine, yenye mtambo wake na hatari zake. Aspirini, heparini na warfarini ziko kwenye kazi ya kwanza tu. Haziyeyushi bonge hata moja. Anayeyeyusha ni mwili wenyewe, na ukitazama jinsi unavyofanya utaona kwamba nguvu hizo zimefungwa kwa mahali na kwa wakati. Mabishano mengi ya madaktari kuhusu dawa za kuyeyusha, na zile za kuzuia kuyeyuka, huanza pale dawa inapovunja mojawapo ya vifungo hivyo viwili.

Jinsi bonge linavyofumwa na kukatwa

Mshipa ukikatika, chembe sahani hukimbilia palipojeruhiwa na kushikamana. Nyuma yake protini za damu huamshana moja baada ya nyingine mpaka ipatikane thrombini. Hii ndiyo inayokata fibrinojeni, protini inayoelea katika damu bila madhara, na kuigeuza fibrini: nyuzi ndefu zinazofumana kama jarife na kunasa chembe nyekundu ndani yake. Kisha protini nyingine, kigandishi namba 13, hupita ikiunganisha uzi na uzi. Bonge ambalo halijapitiwa na kigandishi hicho ni dhaifu na hukatika upesi.

Wakati hayo yanaendelea, mkataji naye yuko papo hapo ila hajaamshwa. Ini hutengeneza plasminojeni, protini inayozunguka katika damu yote ikiwa haina makali. Inapokutana na fibrini huishika kwenye sehemu zenye asidi amino iitwayo laisini. Seli zinazotandika ukuta wa ndani wa mshipa nazo hutoa kiamsho kinachojulikana kwa kifupi kama tPA. Kikiwa peke yake katika damu, kiamsho hiki karibu hakifanyi kitu. Kikitua juu ya fibrini, uwezo wake wa kuiamsha plasminojeni hupanda mamia ya mara. Hukata plasminojeni mahali pamoja tu, na hapo huzaliwa plasmini, kimeng'enya chenye makali ya kukata nyuzi.

Kila plasmini inapokata uzi wa fibrini huacha ncha mpya yenye laisini, na ncha hiyo huivuta plasminojeni nyingine. Kwa hiyo ukataji ukishaanza hujiongezea kasi wenyewe. Kipo pia kiamsho cha pili, urokinasi, ambacho jina lake linatokana na mkojo kwa kuwa ndimo kilimogunduliwa. Hiki hufanya kazi zaidi ndani ya tishu na kwenye njia za figo kuliko kwenye mishipa.

Kiamsho hutolewa polepole na seli zilizo chini na kando ya jeraha. Bonge hupata muda wa kuziba tundu kabla halijaanza kukatwa. Lingekatwa mapema mno, kila mkwaruzo ungekuwa hatari. Lingechelewa mno kukatwa, mshipa uliopona ungebaki umezibwa.

Walinzi wanaomzuia mkataji

Plasmini haina ubaguzi. Ikiachwa huru katika damu hukata fibrini, hukata fibrinojeni ambayo haijawa uzi, na hukata vigandishi vingine pia. Ndiyo maana mwili umeiwekea walinzi wasiopungua watatu.

Wa kwanza huitwa PAI-1 na humnasa tPA kabla hajafika kwenye bonge. Anachokikosa husafishwa na ini, ambalo huondoa nusu ya tPA iliyomo katika damu kwa takriban dakika tano. Wa pili ni antiplasmini. Huyu huikamata plasmini inayoelea kwa muda usiofika sekunde moja na kuizima kabisa. Lakini plasmini iliyoshika uzi wa fibrini huponea, kwa sababu sehemu ambayo antiplasmini huitumia kuikamata tayari imeshikwa na uzi. Kimeng'enya kilekile hukata kikiwa juu ya bonge na huzimwa kikiondoka hapo. Kifungo cha mahali ndicho hiki.

Mlinzi wa tatu, TAFI, huamshwa na thrombini, yaani mjenzi mwenyewe wa bonge. Kazi yake ni kunyoa zile ncha za laisini ili plasminojeni isipate pa kushika. Mahali ambapo thrombini bado ni nyingi, ina maana ujenzi haujaisha, na ukataji hucheleweshwa.

Walinzi hawa wana tabia zao. PAI-1 hupanda kuelekea asubuhi na kushuka mchana. Hupanda pia kwa watu wenye mafuta mengi tumboni na kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Mshtuko wa moyo hutokea zaidi saa za asubuhi, na watafiti wengi wamelihusisha hilo na PAI-1. Uhusiano huo una mantiki, ila haujitoshelezi: shinikizo la damu na adrenalini navyo hupanda saa zilezile. Chembe sahani pia zimesheheni PAI-1, na hii ni sababu mojawapo ya mabonge ya mishipa inayopeleka damu kwenye moyo na ubongo, yaliyojaa chembe hizo, kuwa magumu kuyeyuka.

Thamani ya mlinzi huonekana anapokosekana. Wapo watu wachache duniani waliozaliwa bila antiplasmini, ambao walianza kuelezwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, na wengine wasio na PAI-1, hasa katika ukoo mmoja wa Waamishi wa jimbo la Indiana nchini Marekani. Mtu wa aina hii aking'olewa jino asubuhi, damu hukata kama ya mwingine yeyote. Anaondoka kliniki akiuma pamba, anakula uji, analala. Usiku huamka mdomo umejaa damu. Vipimo vya kawaida vya ugandaji huja vikiwa sawasawa, na daktari asiyejua habari hizi hubaki akikuna kichwa. Bonge liliganda vizuri. Tatizo ni kwamba limekatwa kabla ya wakati wake.

Kazi ya kila siku au ya dharura?

Kabla ya kuingia kwenye dawa, kuna mjadala wa msingi ambao wanasayansi wenyewe hawajaumaliza. Katikati ya karne iliyopita Tage Astrup wa Denmark alipendekeza kwamba fibrini hutandazwa ndani ya mishipa kila wakati kwa viwango vidogo, na kuyeyushwa wakati uleule. Kwa maoni yake, afya ni mizani ya kazi hizo mbili. Upande mmoja ukilemea ni mabonge, mwingine ukilemea ni kuvuja damu.

Hoja yake ina nguvu. Mtu mzima asiyeumwa chochote bado ana vipande vidogo vya fibrini iliyokatwa katika damu yake, na vipande hivyo vinapimika. Ushahidi mwingine, wa kutisha kidogo, ulitoka Moscow. Mwaka 1930 daktari wa upasuaji Sergei Yudin alimwekea mgonjwa damu iliyochukuliwa kwa maiti. Damu ya aliyekufa ghafla ilikuwa ikibaki majimaji saa kadhaa baada ya kifo, kwa kuwa katika dakika za mwisho mwili hufyatua viamsho vingi na mabonge hukatwa yote. Kwa miaka mingi baadaye hospitali yake iliendelea kutumia damu ya namna hiyo. Mtambo wa kuyeyusha basi upo tayari muda wote, na akiba yake ni kubwa.

Lakini nadharia ya mizani inakwama kwenye ugonjwa mmoja adimu. Wapo watu waliozaliwa na plasminojeni pungufu sana. Kama Astrup angekuwa sahihi moja kwa moja, watu hawa wangejaa mabonge kwenye mishipa tangu utotoni. Sivyo ilivyo. Kinachowasumbua zaidi ni utando mgumu kama ubao unaoota upande wa ndani wa kope, kwenye fizi, na wakati mwingine kwenye njia ya hewa. Daktari akiukata, huota tena. Ukichunguzwa unakutwa ni fibrini iliyorundikana nje ya mishipa, katika tishu zilizokwaruzika kidogo tu. Panya walioondolewa plasminojeni maabara huumwa zaidi, hudhoofika na kufa mapema. Wakiondolewa na fibrinojeni pia, afya yao hurudi kwa kiasi kikubwa.

Kwa tathmini yangu, Astrup alipatia kuhusu mwendelezo wa kazi na alikosea kuhusu mahali pake. Usafishaji wa fibrini haukomi, ila sehemu kubwa ya umuhimu wake iko kwenye tishu zinazopona, na ndani ya mishipa yapo mambo mengine yanayosaidia, zikiwamo chembe nyeupe zenye vimeng'enya vyake. Jambo hili si la kitabu tu. Linaeleza kwa nini haisaidii kumwambia kila mtu aongeze uyeyushaji kama anavyoshauriwa kuongeza mboga za majani.

Msimamo wa kwanza: uachie mwili

Mgonjwa mwenye bonge kwenye mshipa wa ndani wa mguu, au ambaye kipande chake kimesafiri hadi mapafuni huku shinikizo la damu likiwa bado zuri, kwa kawaida hupewa dawa za kuzuia ugandaji: heparini mwanzoni, kisha warfarini au vidonge vipya kama rivaroxaban. Dawa hizi huzima ujenzi wa nyuzi mpya. Ukataji wa zilizopo huachiwa plasmini ya mgonjwa mwenyewe, kwa wiki na miezi.

Nguvu ya msimamo huu ni usalama wake na bei yake, na kwamba wengi hupona. Udhaifu ni kwamba mwili hauna haraka, na bonge lisilokatwa mapema huingiliwa na seli za tishu likageuka kovu. Kovu halina fibrini ya kukatwa. Wagonjwa wachache kati ya kila mia waliopata bonge la mapafu hubaki na mishipa iliyoziba kwa kovu la namna hiyo na shinikizo kubwa mapafuni, na wengi waliopata la mguu hubaki na mguu unaovimba jioni.

Mgonjwa asiyeelezwa haya huacha dawa mwezi wa pili akidai haifanyi kazi, kwa kuwa kipimo cha picha bado kinaonyesha bonge. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake barabara. Tiba hii huenda miezi mitatu kwa uchache kwa sababu mwendo ni wa mwili, na mwendo huo hauharakishwi na kidonge.

Je, mguu usingefaidika kama bonge lingeyeyushwa kwa nguvu? Utafiti wa ATTRACT uliochapishwa mwaka 2017, wenye wagonjwa 692 nchini Marekani, uliingiza dawa ya kuyeyusha moja kwa moja kwenye bonge la mguu kwa mrija mwembamba. Miaka miwili baadaye idadi ya waliobaki na matatizo ya mguu ilikuwa karibu sawa na ya wale waliosubiri, huku kutokwa na damu nyingi kukiwa kumeongezeka. Kwa mguu, basi, kusubiri kulishinda.

Msimamo wa pili: yeyusha sasa

Moyo na ubongo havisubiri. Msuli wa moyo uliokatiwa damu huanza kufa ndani ya saa moja, na ubongo mapema zaidi.

Dawa ya kwanza ilitoka kwa bakteria. Mwaka 1933 huko Baltimore, William Tillett na R. L. Garner waligundua kwamba bakteria aina ya streptokoki hutoa kitu kinachoyeyusha fibrini ya binadamu. Baadaye kikaitwa streptokinasi. Chenyewe hakikati. Hujibandika kwenye plasminojeni na kuiamsha, na hufanya hivyo popote katika damu bila kujali kama pana bonge au hapana. Antiplasmini hulemewa, fibrinojeni hushuka, na kwa saa kadhaa mwili mzima hukosa uwezo wa kuganda vizuri. Kifungo cha mahali kimevunjwa. Zaidi ya hapo mwili hutengeneza kinga dhidi ya dawa hii, kwa hiyo mgonjwa aliyewahi kuipata harudishiwi.

Pamoja na ukali huo, iliokoa watu. Utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, uliohusisha wagonjwa 17,187 wa mshtuko wa moyo, ulionyesha kwamba vifo vya moyo na mishipa katika wiki tano vilikuwa asilimia 9.2 kwa waliopewa streptokinasi, dhidi ya 12.0 kwa wasiopewa. Walioongezewa na aspirini walifikia 8.0, dhidi ya 13.2 kwa waliokosa vyote viwili.

Wakati huohuo, Désiré Collen na wenzake huko Leuven nchini Ubelgiji walikuwa wakiichunguza tPA ya binadamu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Genentech ikafanikiwa kuitengeneza kwa uhandisi wa jeni. Matumaini yalikuwa makubwa: hii ni dawa inayoheshimu mahali, itakata bonge na kuacha damu nyingine. Utafiti wa GUSTO wa mwaka 1993, wenye wagonjwa zaidi ya 41,000, uliilinganisha na streptokinasi. Vifo vya siku 30 vilikuwa asilimia 6.3 kwa tPA na zaidi kidogo ya 7 kwa streptokinasi. Ushindi upo, lakini ni wa takriban mtu mmoja katika kila mia, kwa dawa ya bei mara nyingi zaidi. Na kuvuja damu ubongoni, jambo ambalo nadharia ilitabiri lingepungua, kuliongezeka kidogo.

Hapo pana somo ambalo mara nyingi hurukwa. tPA inatambua fibrini. Haitambui fibrini ya wapi. Bonge linaloua moyo na kizibo kidogo kinachozuia mshipa mzee wa ubongo usivuje ni kitu kimoja machoni pake. Mwili huliepuka tatizo hili kwa kutoa kiamsho kidogo, karibu na bonge lenyewe. Dawa huingia kupitia mkono na kusambaa kote.

Kwenye kiharusi mvutano huu ni mkali zaidi. Majaribio ya streptokinasi kwa kiharusi katika miaka ya 1990 yalisitishwa kabla ya kumalizika kwa sababu ya vifo na kuvuja damu. tPA ilifaulu: utafiti wa NINDS wa mwaka 1995, kwa wagonjwa 624 waliotibiwa ndani ya saa tatu, ulionyesha kwamba uwezekano wa kubaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo uliongezeka kwa angalau asilimia 30. Lakini kuvuja damu ubongoni kulikoleta dalili kulikuwa asilimia 6.4, dhidi ya 0.6 kwa waliopewa dawa bandia. Mwaka 2008 utafiti wa ECASS III uliusogeza mlango hadi saa nne na nusu, kwa faida inayopungua. Kuna sababu mbili za saa hizo: sehemu ya ubongo inayoweza kuokolewa huisha, na mishipa iliyokaa bila damu hulegea kuta, kiasi kwamba bonge likifunguka damu hupenya nje.

Kuna sharti lingine zito. Kiharusi cha bonge na kiharusi cha kuvuja damu havitofautishwi kwa macho wala kwa vidole. Bila CT scan, kumchoma mtu dawa ya kuyeyusha ni kamari, na ukikosea unamuua.

Kwa bonge la mapafu, utafiti wa PEITHO wa mwaka 2014 ulijaribu tenekteplasi kwa wagonjwa elfu moja ambao mioyo yao ilikuwa inaelemewa ingawa shinikizo la damu halijaanguka. Waliozidiwa au kufa ndani ya siku saba walipungua kutoka asilimia 5.6 hadi 2.6, lakini kiharusi kilipanda kutoka 0.2 hadi 2.4. Kilichookolewa upande mmoja kililipwa upande mwingine. Wataalamu wengi leo huyeyusha pale tu shinikizo la damu linapoporomoka, na nadhani wanafanya sawa.

Tenekteplasi yenyewe ni tPA iliyobadilishwa ili PAI-1 isiinase kirahisi na ikae muda mrefu katika damu. Hutolewa kwa sindano moja, bila pampu ya kudondosha dawa kwa saa nzima. Kwa hospitali ya mkoa hilo ni jambo kubwa kuliko tofauti ndogo za kimaabara.

Msimamo wa tatu: zuia kuyeyuka

Wakati wengine wanatafuta jinsi ya kumharakisha mkataji, wanandoa wawili wa Japani, Shosuke na Utako Okamoto, walitafuta jinsi ya kumsimamisha. Lengo lao lilikuwa kuokoa wanawake wanaokufa kwa damu baada ya kujifungua. Mwaka 1962 walichapisha habari za asidi traneksamiki. Umbo lake linafanana na laisini, kwa hiyo hukalia sehemu ya plasminojeni inayoshika uzi. Plasminojeni hubaki ikielea karibu na bonge bila kuligusa. Kwa miaka mingi dawa hii ilitumika zaidi kwa hedhi nzito. Kuta za ndani za mji wa mimba hutoa viamsho vingi, na ndiyo sababu damu ya hedhi ya kawaida hutoka majimaji. Ikitoka na mabonge makubwa, maana yake mtiririko umezidi kasi ya kuyeyusha.

Ushahidi mkubwa ulikuja karibu nusu karne baadaye. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, wenye majeruhi 20,211 katika nchi 40, ulipunguza vifo kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Ndani yake kulikuwa na jambo lisilotarajiwa: waliopata dawa mapema walifaidika sana, lakini waliopata baada ya saa tatu walikufa zaidi kwa kuvuja damu kuliko wasiopata. Saa za mwanzo baada ya jeraha kubwa mwili hufyatua tPA nyingi. Baadaye PAI-1 hupanda na mkataji huzimwa. Kumzuia ambaye tayari amezimwa hakusaidii, na pengine hudhuru.

Mwaka 2017 utafiti wa WOMAN, wenye wanawake 20,060 katika nchi 21, ulionyesha jambo hilohilo leba. Vifo vya kutokwa na damu vilishuka kutoka asilimia 1.9 hadi 1.5, na kwa waliopewa ndani ya saa tatu, kutoka 1.7 hadi 1.2. Utako Okamoto alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akiwa na umri wa miaka 98. Shirika la Afya Duniani likaelekeza gramu moja ichomwe kwenye mshipa polepole kwa dakika kumi, ndani ya saa tatu tangu kujifungua, na nyingine kama damu inaendelea baada ya nusu saa.

Lakini msimamo huu nao una mipaka. HALT-IT ya mwaka 2020 iliijaribu kwa watu 12,009 wanaotokwa damu tumboni: vifo havikupungua, mabonge ya mishipa na degedege vikaongezeka. WOMAN-2, iliyofanyika Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistan kwa wanawake wenye upungufu wa damu, iliwapa dawa mara tu baada ya kujifungua kabla damu haijawa nyingi, na haikuzuia kutokwa na damu. Kwa hiyo dawa hii hutibu uvujaji ambao umeanza. Haifai kugawiwa kila mzazi kama kinga.

Ilipofaulu zaidi ni pale ilipoingizwa kwenye mpangilio. Mwaka 2023 utafiti wa E-MOTIVE katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini uliweka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, mkunga akaona mililita kwa macho yake badala ya kukisia kwenye shuka. Damu ikifika kiwango, huduma zote zilitolewa kwa mpigo: kusugua mji wa mimba, dawa za kuufanya ukaze, traneksamiki, maji ya mshipa na uchunguzi. Matatizo makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Dawa zilezile zilikuwapo kabatini hata kabla. Kilichobadilika ni dakika ngapi zilipita kabla ya kutolewa.

D-dimer na kitunguu saumu

Kipimo cha D-dimer huhesabu vipande ambavyo plasmini huviacha inapokata fibrini iliyounganishwa. Kikiwa juu, kinasema kwamba mahali fulani mwilini fibrini imefumwa na kukatwa. Hakisemi wapi wala kwa nini. Hupanda kwa ujauzito, nimonia, saratani, upasuaji, na kwa uzee tu. Kizingiti cha nanogramu 500 kwa mililita hutumika, na kwa aliyevuka miaka 50 madaktari huzidisha umri wake kwa kumi. Umuhimu wake uko kwenye jibu la chini: mgonjwa ambaye daktari hamshuku sana, kipimo kikiwa chini, karibu hana bonge. Kupimwa bila dalili yoyote ni kununua hofu.

Ama kitunguu saumu, hupunguza kidogo kushikana kwa chembe sahani maabara. Natokinasi ya soya ya Kijapani hukata fibrini kwenye chupa. Hakuna kati ya hivyo viwili kilichothibitishwa kuliondoa bonge la mguu au la mapafu, na anayemeza warfarini akiongezea vidonge vya vitunguu hujisogeza kwenye hatari ya kuvuja damu.

Kuipima mizani

Misimamo mitatu haigombani kama inavyodhaniwa. Kila mmoja unafaa pale unapofuata mwili ulivyojipanga, na hudhuru pale unapoupita. Kwenye mshipa wa mguu muda upo, kwa hiyo kungoja kunatosha. Kwenye moyo na ubongo muda haupo, kwa hiyo mgonjwa na daktari wanakubali hatari ya kukata vizibo vyema pamoja na kibaya. Baada ya kujifungua au ajali, mkataji amefunguliwa kupita kiasi kwa saa chache, na ni katika saa hizo tu anafaa kuzuiwa.

Fedha zikiwa chache, ningeanza na traneksamiki leba na kwenye magari ya wagonjwa, kwa kuwa ni ya bei nafuu na haihitaji mashine. Dawa ya kuyeyusha kwa mshtuko wa moyo ingefuata, kwa kuwa kipimo cha umeme wa moyo (ECG) kinatosha kuamua. Ya kiharusi ningeiweka ya tatu, licha ya sifa zake zote, kwa sababu bila CT scan inayofanya kazi usiku itakaa rafuni mpaka tarehe yake ipite. Na hata pale CT ilipo, saa nne na nusu huhesabiwa tangu mara ya mwisho mgonjwa alipoonekana mzima. Aliyelala saa nne usiku akiwa mzima na kukutwa saa kumi na mbili alfajiri mdomo umepinda anahesabiwa saa nane, isipokuwa kuna mtu nyumbani anayeweza kusema alimwona akienda msalani saa kumi akiongea vizuri.